Pazia la Ujenzi na Ahadi Zake

Katika kila mji mkubwa wa zama hizi, mahali palipovunjwa nyumba kuukuu ili pasimamishwe jengo jipya, uzio hutangulia msingi. Na uzio huo, ambao kazi yake ya asili ni kumkinga mpita njia na tofali linaloanguka na kumzuia mwizi wa nondo na saruji, haukai mtupu kwa muda mrefu. Hazipiti siku nyingi ila utaukuta umepakwa rangi, au umebandikwa matangazo, au umevikwa picha kubwa ya mnara wa vioo wenye bustani na chemchemi chini yake, na watu waliovaa vizuri wakitembea kivulini mwa miti ambayo bado haijapandwa. Jengo lenyewe halijafika kimo cha mtu, lakini taswira yake imekwisha kuwa jirani wa kila apitaye.

Jambo hili limezoeleka hata wengi wetu hatulitazami mara ya pili. Walakini lastahili kutazamwa, kwa kuwa picha za namna hii ni katika picha kubwa kabisa azionazo mtu wa mjini maishani mwake, na huziona bila ya kulipa kiingilio na bila ya kuulizwa kama anazitaka. Zina wenyewe, zina gharama, zina sheria na ufundi wake. Na zaidi ya hayo zina usemi, kwani humwambia raia jinsi mtaa wake utakavyokuwa kabla yeye mwenyewe hajapata nafasi ya kusema angependa uwe vipi. Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni. Picha iliyotundikwa juu ya jukwaa la ujenzi ni ahadi iliyotolewa hadharani, na kwa hiyo umma una haki ya kuuliza nani aliyeitoa, ameficha nini nyuma yake, na atailipa lini.

Asili ya mambo haya si ya jana. Mwaka 1835 Mwingereza John Orlando Parry alichora picha ya mtaa wa London, na sehemu kubwa ya picha hiyo imejaa kiambaza kilichobandikwa matangazo juu ya matangazo, ya michezo ya kuigiza, ya nyimbo na ya tamasha za kila aina, mengine yakiwa yamechanika hata maneno ya tangazo la chini yakachungulia katikati ya maneno ya tangazo la juu. Na mbali, nyuma ya vurumai hiyo ya karatasi, laonekana kuba la kanisa kuu la St Paul's. Uzio wa mbao wa siku hizo ulikuwa uwanja wa vita vya wabandikaji, waliopita alfajiri na ndoo za gundi ili kufunika kazi ya wenzao, na Charles Dickens aliona watu hao wanastahili insha nzima, akaiandika mwaka 1851. Serikali nazo zikaanza kutia mkono: Ufaransa ilipotunga sheria yake ya magazeti ya tarehe 29 Julai 1881 ilitia ndani yake pia masharti ya kubandika matangazo, na mpaka leo msafiri wa Paris aweza kusoma tarehe hiyo ukutani, imeandikwa kwa herufi kubwa pamoja na onyo kwamba kubandika ni marufuku.

Katika miaka ya 1930, Marekani ilivumbua jambo jingine, nalo ni kumtambua yule asiyepita, bali husimama na kutazama. New York ilipokuwa ikijenga majumba ya Rockefeller Center, mashimo ya misingi yake yalivuta watazamaji wengi. Na inasimuliwa kwamba John D. Rockefeller mwana, aliyekuwa ndiye mwenye mradi, alisimama siku moja kutazama magari yakichukua udongo, mlinzi asimjue, akamwamuru aende zake. Kutokana na kadhia hiyo kukajengwa jukwaa la watazamaji, na mwaka 1938 ikaundwa kwa mzaha jumuiya ya wasimamizi wa pembeni mwa barabara, yenye kadi zake za uanachama. Mzaha ulikuwa na hekima ndani yake: mwenye jengo alitambua kwamba mtu aliyeruhusiwa kuona kazi huwa rafiki wa kazi hiyo, naye aliyefungiwa nje huanza kudhani kwamba kuna hila. Ndiyo maana nyua nyingi za ujenzi katika miji ya ng'ambo zina vidirisha vilivyotobolewa kwa kimo cha macho ya mtu mzima, na vingine chini zaidi kwa ajili ya watoto.

Ama kwa ufundi, hadi miaka ya 1980 mtu aliyetaka kuufunika uso wa jengo zima kwa picha hakuwa na njia ila kuajiri wachoraji, kutandika vitambaa katika bohari pana, na kupaka rangi kwa mkono kipande baada ya kipande, kwa kufuata miraba iliyokuzwa kutoka katika mchoro mdogo. Katika miaka ya 1990 zilienea mashine za kuchapa zenye upana wa mita kadhaa, zinyunyizazo wino kwa matundu membamba mno juu ya kitambaa kinachopita chini yake, na kazi ya miezi ikawa kazi ya siku. Kitambaa chenyewe aghalabu ni wavu wa nyuzi zilizopakwa plastiki, uliojaa vitundu ambavyo mtu aliye barabarani hawezi kuviona. Vitundu hivyo vina sababu kubwa: turubai lisilopitisha hewa, likitandazwa juu ya jukwaa lenye urefu wa mita 30, hugeuka tanga, na upepo ukilishika waweza kulibandua jukwaa zima ukutani pamoja na mafundi walio juu yake. Kwa hiyo kabla ya picha yoyote kupandishwa, mhandisi hana budi kupiga hesabu ya upepo upya, kuzidisha vyuma vinavyofunga jukwaa kwenye ukuta, na kuhakikisha kwamba kitambaa hakishiki moto upesi. Na mafundi waliomo ndani hupata kwa vitundu hivyohivyo mwanga na pumzi.

Msomaji akipata nafasi na asogelee turubai la namna hiyo hata aliguse. Uso wa binadamu ambao kutoka ng'ambo ya barabara ulikuwa na macho na tabasamu utatoweka mbele yake, abaki na madoa ya rangi nne, samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi, kila doa likiwa mbali na mwenziwe. Kwani picha inayotazamwa kutoka mbali haihitaji madoa yasongamane kama ya picha ya kitabuni, na jicho lenyewe ndilo linalomaliza kazi ya mchapaji. Pembezoni ataona pindo lililokunjwa na kuunganishwa kwa joto, na katika pindo hilo pete za shaba zilizopigwa kwa safu, kila moja ikipitisha kamba inyumbukayo, ili upepo ukivuma kitambaa kitoe kidogo na kurudi badala ya kuchanika. Vipande huunganishwa kwa ustadi hata kiungo kisionekane. Inapotakiwa sura ya jengo lililo nyuma, jengo hilo hupigwa picha sehemu kwa sehemu, picha hizo zikaungwa katika kompyuta, kisha zikachapwa kwa ukubwa uleule wa kuta, hata mtu akasimama mbele ya jengo linalokarabatiwa na kuona jengo hilohilo likiwa zima.

Yote hayo ni ufundi tu. Lakini iko picha moja ya ujenzi ambayo athari yake ilipita mipaka ya ufundi, ikabadilisha sura ya mji mkuu wa nchi kubwa, na hatimaye ikagusa, kwa njia ambayo hapana aliyeitazamia, historia ya watu wa Tanzania. Picha hiyo ilitundikwa Berlin mwaka 1993.

Katikati ya mji huo, kando ya mto Spree, lilisimama kasri la ukoo wa kifalme wa Hohenzollern, lililoanzwa katika karne ya 15 na kupewa sura yake ya fahari kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 na msanifu na mchonga sanamu Andreas Schlüter. Mabomu ya Februari 1945 yaliliunguza. Na mwaka 1950 serikali ya Ujerumani Mashariki, ambayo haikupenda kuhifadhi ukumbusho wa wafalme katikati ya mji wake, ikalilipua lililosalia na kuacha uwanja mpana wa gwaride. Mwaka 1976 lilifunguliwa hapo Palast der Republik, jengo la vioo vya rangi ya shaba lenye ukumbi wa Bunge la nchi hiyo pamoja na mikahawa, ukumbi wa muziki na mahali pa michezo, na watu wengi wa Mashariki walikuwa na kumbukumbu njema za jioni walizozipitisha humo. Septemba 1990, majuma mawili kabla ya Ujerumani mbili kuungana, jengo hilo lilifungwa kwa sababu lilijaa asbesto, madini ambayo vumbi lake huingia mapafuni na kuleta saratani. Wajerumani wakabaki na jengo lililofungwa, uwanja mtupu, na swali la nini kifanywe mahali hapo.

Miongoni mwa waliotaka kasri la kale lirudishwe alikuwako Wilhelm von Boddien, mfanyabiashara wa mashine za kilimo kutoka kaskazini mwa nchi, ambaye mwaka 1992 aliunda jumuiya kwa madhumuni hayo. Alielewa jambo ambalo wanasiasa wengi hawalielewi, kwamba mtu wa kawaida aweza kusoma makala mia juu ya jengo asilione moyoni mwake hata mara moja, lakini akisimama mbele yake kwa dakika chache tu, basi jengo hilo limeingia katika maisha yake. Kwa michango na misaada ya makampuni likasimamishwa, palepale uwanjani, jukwaa kubwa la mabomba ya chuma, na juu yake likatundikwa turubai lililochorwa kwa mkono na Catherine Feff, mchoraji wa Paris, pamoja na wasaidizi wake: madirisha, nguzo, taji za milango na vivuli vya nakshi, vyote kwa rangi ya manjano ya udongo na kwa vipimo vilevile vya kasri lililotoweka. Mahali turubai lilipokutana na Palast der Republik paliwekwa kioo kikubwa, ili ukuta wa kuchora ujione humo na kuonekana kama umeendelea mbele. Ndani ya fremu hiyo ya chuma kukafanywa maonyesho juu ya historia ya mahali pale.

Turubai lilibaki hadi 1994, likitazamwa na umati wa watu ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa kasri lilipobomolewa. Kwa mara ya kwanza waliona jinsi barabara ya Unter den Linden, inayotokea lango la Brandenburg, ilivyokuwa ikimalizikia kwenye kitu chenye uzito badala ya kumalizikia hewani. Lilipoteremshwa, mjadala haukuwa tena uleule. Mwaka 2002 Bunge la Ujerumani lilipiga kura, na wengi wakaamua kwamba kasri lijengwe upya likiwa na nyuso zake za kale. Kati ya 2006 na 2008 Palast der Republik likabomolewa. Mwaka 2008 msanifu Mwitaliano Franco Stella akashinda shindano la mchoro. Mwaka 2013 likawekwa jiwe la msingi. Na kati ya 2020 na 2021 jengo likafunguliwa kwa awamu, likiitwa Humboldt Forum. Gharama yake ilikaribia euro milioni 700, na nakshi za nyuso tatu za kale ziligharimiwa kwa michango ya watu binafsi iliyopita euro milioni 100. Upande wa nne, unaoelekea mtoni, una sura ya kisasa iliyo wazi na isiyo na nakshi.

Itakuwa ni kupita kiasi kusema kwamba turubai peke yake ndilo lililojenga kasri, maana kati ya kitambaa na jiwe ilipita miaka 20 ya mabishano, hesabu na siasa. Hata hivyo ni vigumu kumpata mtu, akiwa anaunga mkono au anapinga, asiyekubali kwamba kiangazi cha 1993 ndicho kilicholigeuza wazo la wachache kuwa shauku ya wengi. Hapa ndipo penye somo. Turubai lile halikusema uongo katika vipimo. Madirisha yalikuwa mahali pake na nguzo zilikuwa na unene wake. Lakini picha ya uso wa jengo husema juu ya uso tu. Haikuonyesha kwamba ili kasri lisimame jengo jingine, ambalo lilikuwa sehemu ya maisha ya watu wa Mashariki, lingevunjwa. Haikuonyesha bei. Wala haikuonyesha kitakachokaa ndani, kwa sababu nyuma ya kitambaa kulikuwa na mabomba ya chuma na hewa.

Na kilichokuja kukaa ndani ni nini? Sehemu kubwa ya jengo yalipewa makumbusho, na kati ya hayo ni Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin, ambayo hazina yake ina maelfu ya vitu vilivyotoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania, vingi vikiwa vimechukuliwa katika zama za utawala wa Kijerumani, na baadhi vikiwa ni nyara za vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Hivyo uso wa kasri la wafalme, ambao mmoja wao ndiye aliyetawala wakati wa vita hivyo, ulirudishwa kwa nguvu ya picha, na nyuma ya uso huo vikawekwa vitu vya wale waliotawaliwa. Wakosoaji, Wajerumani na Waafrika, hawakukosa kuliona hilo, na mabishano juu ya urithi wa ukoloni yakawa makali kuliko mabishano juu ya nakshi. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea na kuomba radhi kwa maovu ya wakoloni wa Kijerumani. Na mwishoni mwa 2024 yalifunguliwa katika Humboldt Forum maonyesho juu ya historia za Tanzania, yaliyoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Mtu aliyepita mbele ya turubai la manjano mwaka 1993, akalistaajabia na kwenda zake, hakuwa na njia ya kujua kwamba alikuwa akitazama mlango wa kadhia hiyo yote.

Hatua chache kutoka hapo, Berlin hiyohiyo ina mfano wa kinyume. Chuo cha ujenzi kilichosanifiwa na Karl Friedrich Schinkel katika miaka ya 1830, kilichobomolewa mwaka 1962, nacho kilitundikiwa jukwaa na turubai lenye sura ya kuta zake mwaka 2004, kwa matumaini kwamba njia iliyofaa kwa kasri ingefaa kwa chuo. Miaka 20 ilipita, na chuo kilikuwa hakijajengwa. Turubai humfanya mtu atake. Haliwezi kumfanya alipe.

Venezia ilituonyesha hatari ya namna nyingine. Katika miaka ya 2008 hadi 2011, kasri la watawala wa kale wa mji huo na daraja mashuhuri linaloliunganisha na gereza vilikuwa vikikarabatiwa, na mabango makubwa ya biashara yakafunika majukwaa, moja la vito, jingine la kinywaji, hata msafiri aliyetoka mbali kuja kuliona daraja akaliona likichungulia katikati ya tangazo. Mwaka 2010 jopo la wakuu wa makumbusho makubwa ya dunia, pamoja na msanifu majengo Norman Foster, liliandika barua ya wazi kulalamika. Jibu la wenye mji lilikuwa jepesi na zito kwa pamoja: fedha za serikali hazitoshi, mawe yanaanguka, na mwenye bango ndiye anayelipa. Hapana aliyeweza kukanusha kwamba mawe yalikuwa yanaanguka, wala kwamba uzuri wa mahali pale, ambao ni mali ya wote, ulikuwa umekodishwa kwa mmoja.

Wafaransa walijaribu kuyapatanisha mambo hayo mawili kwa sheria. Tangu 2007 jumba la kumbukumbu ya taifa linalokarabatiwa laweza kubeba tangazo la biashara juu ya turubai lake, kwa sharti kwamba tangazo lisizidi nusu ya eneo la turubai na kwamba mapato yaingie katika gharama za ukarabati wenyewe. Nusu nyingine hubaki kwa sura ya jengo au kwa kazi ya msanii. Mwaka 2023, uso wa jumba la opera la Palais Garnier ulipokuwa chini ya majukwaa, msanii aitwaye JR alilivika turubai lenye picha ya pango kubwa, hata aliyesimama mwisho wa barabara aliona kana kwamba katikati ya Paris kumefunguka mwamba na njia ya kuingia chini ya ardhi. Mapatano ya nusu kwa nusu si kamili, lakini yana fadhila moja, nayo ni kwamba kila upande unajua mpaka wake, na raia aweza kupima kwa macho kama mpaka umevukwa.

Paris hiyohiyo ilitoa mfano bora zaidi, na haukuwa wa tangazo wala wa mazingaombwe. Kanisa kuu la Notre-Dame lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, paa lake la risasi liliyeyuka na kutia vumbi la sumu katika mazingira, kwa hiyo uzio mrefu ulikuwa wa lazima ili kuwaweka watu mbali. Uzio huo ukageuzwa shule. Juu yake yaliwekwa mapicha makubwa ya mafundi waliokuwa ndani, maseremala waliochonga mialoni kwa shoka, waashi waliopanga upya mawe ya matao, wapanda kamba walioning'inia juu ya mabomba yaliyoungana kwa moto, pamoja na maelezo mafupi ya kila kazi. Na maelezo yakabadilishwa kadiri kazi ilivyosonga mbele, hadi kanisa lilipofunguliwa Desemba 2024. Mpita njia aliyekuwa amezuiwa kuingia alipewa badala yake elimu ya kile alichozuiwa kukiona, na aliporudi baada ya miezi kadhaa aliweza kulinganisha na kujua kwamba ahadi inatimizwa.

New York nayo inafaa kutajwa, kwa sababu huko pazia la ujenzi limezeeka hata likawa sehemu ya mji. Mwaka 1979 kipande cha jengo kilianguka na kumwua mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akipita; mwaka uliofuata jiji likatunga sheria ya kukagua nyuso za majengo marefu kwa vipindi, na tangu hapo maelfu ya vibanda vya chuma na mbao vimesimamishwa juu ya njia za waendao kwa miguu, baadhi vikibaki kwa miaka mingi kwa sababu ni rahisi kwa mwenye nyumba kulipia kibanda kuliko kutengeneza ukuta. Kanuni zilitaka uzio wa mbao upakwe rangi moja ya kijani iliyoiva, na mitaa mizima ikawa na giza la kijani. Mwaka 2018 jiji likaanzisha mpango wa kuwaruhusu wasanii kupamba nyua na vibanda hivyo. Mapambo hayo ni ya kheri, lakini mji uliopambiwa kibanda kisichoondoka usisahau kuuliza kwa nini hakiondoki.

Tukirudi kwetu, tutaona kwamba uzio wa Dar es Salaam au Nairobi kwa kawaida ni wa mabati, mara nyingi ya buluu, na husema kwa ndimi tatu. Ulimi wa kwanza ni onyo lililoandikwa kwa brashi kwamba mtu asibandike matangazo, na pembeni yake matangazo ya waganga, ya vyumba vya kupanga na ya mafunzo ya udereva. Ulimi wa pili ni picha ya kompyuta ya jengo litakalokuwa. Wa tatu, ambao watu wachache huusoma, ni kibao cha mradi: jina la mwenye mradi, msanifu, mhandisi, mkadiriaji majenzi na mkandarasi, pamoja na namba za usajili. Kibao hicho si hiari. Bodi ya Usajili wa Makandarasi nchini Tanzania hukidai, na nchini Kenya iko mamlaka ya taifa ya ujenzi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011, yenye kudai vivyo hivyo. Kwa ukubwa, picha ya kompyuta yaweza kuwa mara 20 ya kibao. Kwa faida ya raia, uwiano wao ni kinyume.

Tuna sababu chungu ya kulisema hilo. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36, kati yao watoto waliokuwa wakicheza jirani. Na ilielezwa baadaye kwamba kibali kilichotolewa kilikuwa cha ghorofa 10. Kuhesabu ghorofa hakuhitaji shahada. Muuza kahawa aweza kuhesabu, mwanafunzi aendaye madrasa aweza kuhesabu, na abiria wa daladala katika foleni ana wasaa wa kuhesabu mara mbili. Ambacho hakuna aliyeweza kukifanya ni kulinganisha hesabu yake na kibali, maana kibali kilikuwa katika jalada la ofisi, wala hakikuwa ukutani. Lau idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa ingeliandikwa juu ya uzio kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, pamoja na namba ya simu ya mahali pa kupeleka malalamiko, mtaa mzima ungelikuwa mkaguzi.

Kwa hiyo si haramu kutaka nyua zetu zipendeze. Miji yetu ina wachoraji tele, na ni vema kukumbuka kwamba Edward Said Tingatinga, aliyeanzisha mtindo unaoitwa kwa jina lake mjini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alichora kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli juu ya mbao laini zilizotengenezwa kwa ajili ya kazi za nyumba. Sanaa iliyozaliwa juu ya vifaa vya ujenzi haitaona ugeni ikialikwa kurudi juu ya uzio wa ujenzi, na mkandarasi atakayewaita vijana wa mtaa kuuchora ataona kwamba waganga na wapangishaji wa vyumba wanasita kubandika juu ya kazi ya mtoto wa jirani. Lakini urembo uje baada ya haki. Kila uzio na useme kwanza kibali ni cha ghorofa ngapi na cha matumizi gani, kazi ilianza lini na inatarajiwa kwisha lini; useme picha iliyotundikwa ni mchoro ulioidhinishwa au ni matamanio ya muuzaji, na kama ile bustani iliyochorwa itakuwa wazi kwa umma au itafungwa kwa lango; na uache kidirisha ambacho mtu aweza kutazamia ndani. Gharama ya maneno hayo ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya mita moja ya turubai.

Macho hayana pazia, nao wenye fedha wanalijua hilo vizuri, ndiyo sababu huyatafuta macho yetu kwa picha kubwa kuliko nyumba. Mji hauwezi kuwazuia kuahidi, wala si lazima uwazuie, kwa kuwa baadhi ya ahadi hizo ni njema na bila ya matamanio hakuna kinachojengwa. Unachoweza ni kulazimisha kila ahadi iandikwe pamoja na masharti yake, mahali palepale ilipotolewa, kwa lugha wanayoisoma wapita njia. Na wapita njia nao, wakisha kuandikiwa, wajizoeze kusoma kibao kabla ya kustaajabia picha, na kuhesabu ghorofa.